Mapigo Thelathini na Nane

Mwalimu Fekadu alikuwa mtu mwema. Nalisema hilo mapema kwa sababu mji wetu unamsifu mpaka leo, na mimi sina ugomvi na sifa za mtu. Alipoletwa kufundisha sayansi huku kwetu Arsi, kwenye baridi ya milima ya Ethiopia, alikuta darasa zima linasinzia. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba watoto wetu huamka kungali giza, hukimbia mpaka msitu wa mikalitusi na kurudi, hunywa unga wa shayiri iliyokaangwa uliokorogwa kwa maji, halafu ndipo huja shuleni. Kwetu sisi shule ni mahali pa kupumzishia miguu.

Walimu waliomtangulia walitumia fimbo. Fekadu alitumia akili. Alijiambia kwamba kama watoto hawa wanapenda mbio tu, basi sayansi itawafuata hukohuko kwenye mbio. Akawapeleka uwanjani wapime urefu wa hatua zao kwa kamba. Akaazima mizani ya muuza chumvi, wakapima fulana kabla ya mbio na baada ya mbio, wakajua jasho lina uzito. Akazitumia hata picha za mabingwa zilizobandikwa kwa vinyozi: kwa nini huyu amekunja mkono hivi, kwa nini yule anakanyaga kwa mbele ya wayo? Watoto waliokuwa wakikoroma sasa waligombea kushika saa. Mkaguzi alikuja, akafurahi, akasema jambo hili atalifikisha juu.

Kisha likaja somo la moyo.

Fekadu alikuwa na kile kipimo cha masikioni cha daktari, kimoja tu shule nzima, mpira wake umezungushiwa utepe mweusi mahali ulipopasuka. Alitaka kuanza na mtu ambaye darasa zima litakuwa na hamu naye, kwa hiyo akamwita Obse. Mwaka ule hakukuwa na msichana wa kumfikia Obse katika mbio ndefu. Baada ya wiki chache klabu moja kubwa ya Addis Ababa ingetuma mtu wake kuja kuchagua msichana mmoja, apewe kitanda, chakula na mshahara. Mji mzima ulikuwa umeshamchagua.

Mwalimu akamkalisha mbele, akamwambia atulie kabisa. Obse alikuwa mtoto anayefanya anachoambiwa. Alitulia mpaka wavulana wakaanza kucheka. Fekadu akaweka kipimo kifuani, akatazama saa, akakunja uso, akahesabu tena. Akamwita mvulana mmoja ahesabu shingoni kwa kidole, akapata idadi ileile. Akaandika ubaoni: thelathini na nane. Chini yake akaandika anachosema kitabu, kwamba moyo wa mtu mwenye afya hupiga kati ya sitini na mia moja kwa dakika. Akaizungushia duara ile thelathini na nane.

"Mnaona?" akawaambia. "Kwa macho huyu ni mzima kuliko sisi sote. Macho yanadanganya. Sayansi haidanganyi."

"Kwa hiyo ni mgonjwa, Mwalimu?" akauliza mmoja.

"Moyo wake ni dhaifu. Unapiga kama wa mzee aliye kitandani."

Darasa likacheka, si kwa ubaya, watoto hucheka tu. Obse akatazama ule ubao kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa na polisi. Waliobaki wakaambiwa watoke nje wakapange mstari, waingie mmoja mmoja. Na kule nje, nyuma ya ukuta, wakimbiaji wetu wakafanya jambo ambalo Fekadu hakulijua na hakuwahi kulijua: wakaanza kurukaruka. Nani alitaka duara ubaoni? Demitu, aliyekuwa wa pili baada ya Obse katika kila mbio, aliruka mpaka jasho likamtoka chini ya kitambaa cha kichwa. Akaingia, akapata sabini na mbili. Fekadu akaandika pembeni ya jina lake neno moja, afya, akaendelea na somo.

Kitabu chake kilikuwa kizuri. Kiliandikwa mbali, na watu waliopima mioyo ya watu wasiokimbia. Lakini kitabu hakisemi hilo juu ya jalada, na Fekadu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukimbia hata kulikimbilia basi, angelijuaje?

*

Kabla jua halijazama Obse alikuwa ameshapata jina. Walimwita Bibi. Wavulana walimpisha njiani kwa heshima za kejeli, wakimuuliza kama ataiona sikukuu.

Fekadu hakulala vizuri siku hiyo. Asubuhi akaenda uwanjani kwa Kocha Gonfa, kwa sababu alikuwa mtu mwema. Gonfa hakuwa na hamu na vitabu. Alichagua wakimbiaji kwa kuwatazama vifundo vya miguu. Ila miaka miwili nyuma mvulana wake mmoja alianguka kwenye kona ya pili akafa palepale, mdomo umejaa vumbi, na mama yake alikuja uwanjani akamtemea Gonfa mate mbele ya watu. Fekadu alipomweleza habari za moyo wa Obse, kocha aliivua filimbi shingoni akaitia mfukoni.

"Una hakika?"

"Nimehesabu mara mbili. Na mwanafunzi amehesabu."

"Mimi nimeshazika mtoto mmoja," Gonfa akasema. "Sitazika wa pili. Alete karatasi ya hospitali kwamba ni mzima. Bila karatasi asikanyage hapa."

Obse alikuwa amesimama hatua chache nyuma yao, miguu tayari imepashwa moto. Alimwomba kocha amwache akimbie mzunguko mmoja tu, amtazame. Gonfa akamwambia aende nyumbani akamsaidie mama yake.

*

Nyumbani kwao ni karibu na soko la farasi. Baba yake, Dheressa, alikuwa na mkokoteni wa kukodisha na farasi mzee ambaye mlima ukizidi Dheressa mwenyewe hushuka akasukuma. Mama yake, Workitu, aliuza viazi. Hawakuwa watu wa kulalamika. Walikuwa wameiweka nyumba yote juu ya miguu ya yule binti: yai likipatikana ni la Obse, kaka yake aliacha shule akabebe mizigo ili Obse apate viatu, na sehemu kavu karibu na moto ilikuwa ya Obse. Yote hayo yalikuwa ya kurudishwa siku klabu itakapomchukua. Hakuna aliyeona aibu kulisema mbele yake.

Fekadu alikwenda mwenyewe kuwaeleza. Workitu akatandaza majani mabichi sakafuni, akakaanga kahawa, akampa mgeni kiti chenye mgongo. Mwalimu wa sayansi alikuwa hajawahi kuingia nyumba ile, na mama wa watu alishindwa kujua afurahi au aogope. Fekadu alieleza polepole, kwa maneno mepesi, mikono yake ikionyesha namna damu inavyokwenda.

"Atakufa?" Dheressa akauliza.

"Sikusema hivyo, baba Obse. Nasema asijichoshe. Apumzike, ale vizuri. Akikimbia, hapo siwezi kuahidi."

"Lakini anawashinda wote," akasema Workitu. "Mwalimu, mgonjwa anawashindaje wazima?"

Hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa mji mzima mwaka ule. Fekadu akalifikiria kwa haki. Akajibu kwamba taa inayokaribia kuzimika huwaka sana mwishoni. Hakulipata hilo kwenye kitabu chochote, lakini lilisemwa na mwalimu, kwa sauti ya mwalimu, na Workitu akaanza kulia ndani ya kitambaa chake.

Obse alikuwa anamimina kahawa. Alisema kwamba hana maumivu, kwamba hajawahi kuanguka wala kuona kizunguzungu, kwamba moyo wake umekuwa hivyo siku zote na usiku huusikia ukipiga taratibu na kumletea usingizi.

"Unaona?" baba yake akamwambia mwalimu. "Amejua siku zote, akatuficha."

Wakanywa kikombe cha tatu, kile cha baraka. Fekadu alipoondoka walimshukuru mpaka mlangoni, na Workitu akamfungia viazi kwenye kitambaa.

*

Hospitali kubwa iliwapa siku ya kupimwa moyo kwa mashine, wiki mbili baada ya siku ambayo mtu wa klabu angekuja kuchagua. Workitu aliomba wapewe siku ya mapema, akasimama dirishani mpaka foleni ikamzomea. Yule wa dirishani hakumtukana, alimwambia tu kwamba wapo watu kwenye mstari ule wanaokufa kweli.

Wakarudi kwa Gonfa, wakakuta jibu lilelile. Ndipo Workitu akampeleka binti yake kwenye maji matakatifu, kule bondeni kanisani, ambako wagonjwa humwagiwa maji alfajiri kabla ya kutia kitu tumboni na hufunga mpaka alasiri. Maji ya kule ni baridi ya kukata. Siku baada ya siku Obse alisimama pale na shuka lililolowa, kati ya wenye kifafa na wenye pepo, akasubiri zamu. Mashavu yakaingia ndani. Wanawake wa soko wakamwona akipita wakasema kweli bwana, mwalimu aliona.

Na ili asijaribu kutoroka kwenda kukimbia, Workitu alichukua viatu vyake, vile vya misumari ambavyo kaka yake alivilipia kwa mgongo, akaviuza. Walivinunua kina Demitu. Nani mwingine angevinunua, na mguu ni uleule?

Siku ya uchaguzi watu walijaa mpaka juu ya kuta. Mtu wa klabu alikaa kwenye kiti chini ya mwavuli, miwani myeusi, chupa ya maji mkononi. Wasichana wakapangwa. Demitu alikuwa miongoni mwao, na viatu vile. Obse alikuja peke yake, hakuna aliyemwona akiingia. Alipofika kwenye mstari Gonfa akamshika bega akamgeuza mbele ya wote, akamwambia kwamba kama anataka kufa asifie kwenye uwanja wake. Baadhi ya watu wakacheka. Msichana akatoka, akapita kwenye lango, na kila mtu akadhani amekwenda nyumbani.

Filimbi ikalia. Wasichana wakaondoka, na nje ya uzio, kwenye kile kijia cha mawe wanachopita mbuzi, Obse akaondoka pamoja nao. Alikuwa peku. Tumboni hakuwa na kitu, maana alikuwa bado kwenye mfungo wa maji matakatifu. Kijia kile ni kirefu kuliko uwanja, kinazunguka kwa nje kabisa, na bado mzunguko wa kwanza ulipoisha alikuwa sambamba na Demitu. Watu wakaanza kugeuka. Wachache wakashangilia, kisha mmoja akapiga kelele kwamba mtoto atatufia hapa, na ile kelele ikashika: msimamisheni, msimamisheni. Vijana wakamrushia mabonge ya udongo ili asimame. Walikuwa wanamwokoa.

Dheressa alikuwa nje na mkokoteni, akisubiri abiria. Akaruka, akamkinga njiani, akamkumbatia kiunoni na kumwangusha. Obse alipiga mateke. Baba yake, ambaye hakuwahi kumchapa tangu azaliwe, akamzaba kofi, kisha la pili, akilia huku akimwambia kwamba amewagharimu vya kutosha. Akampakia mkokotenini, akamkalia miguu.

Chini ya mwavuli, mtu wa klabu aliuliza yule aliyekuwa nje ni nani.

"Ni mgonjwa," Gonfa akamjibu. "Mtoto wa watu, ana shida ya moyo."

Mtu wa klabu akasikitika, akageukia saa yake. Demitu alimaliza wa kwanza, akachukuliwa. Jioni mama yake Demitu aliwapelekea kina Workitu sinia la injera na nyama, kwa ujirani. Wakala, kwa sababu siku ile hapakuwa na kitu kingine.

*

Siku ile ya mashine hospitalini ilipita bila mtu kwenda; karatasi haikuwa na kazi tena. Msichana asiyekimbia, mji wetu haujui umfanyie nini. Ukweli ni kwamba unajua, ila hausemi kwa sauti. Asnakech, dalali wa wasichana wa kazi za ndani Riyadh, alikuja mwenyewe. Alikuwa mama mcheshi, mwenye meno ya dhahabu, anayemwita kila binti mwanangu. Umri wa Obse ukaongezwa kwenye karatasi mpaka ukatosha. Asnakech akamwachia Dheressa kitu cha mkononi, na farasi mzee akabadilishwa kwa mwingine kijana. Lililobaki lilikuwa kupimwa afya, na hapo ndipo Workitu alipoanza kukosa usingizi. Wakiusikia ule moyo, watamrudisha. Na farasi ameshanunuliwa.

Zahanati ya wanaosafiri ilikuwa Addis, chumba kimoja chenye pazia. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye haraka. Alimpima Obse macho, damu, kifua. Akaweka kipimo moyoni akatulia. Akakisogeza. Akahesabu akitazama saa ya ukutani.

Workitu akaanguka magotini. Alimshika daktari miguu, akamwambia kwamba ni kweli mtoto moyo wake ni mbovu lakini kazi anaiweza yote, kufua, kupika, kubeba, wala hachoki, na akamwomba kwa jina la Bikira asiandike.

"Mama, inuka," daktari akasema, akiona aibu. "Mbovu? Nani kakwambia?" Akamgeukia Obse. "Unakimbia wewe?"

"Nilikuwa nakimbia."

"Unaonekana. Nilipokuwa nasoma tulipewa kuwapima wakimbiaji wa timu ya taifa. Mioyo yao inapiga hivihivi. Moyo ni msuli, mama. Ukiuzoesha mbio unakuwa mkubwa, pigo moja linatosha kazi ya mawili. Huyu si mgonjwa, na hajawahi kuwa." Akacheka kidogo. "Kwa nini umeacha?"

Asnakech, aliyekuwa amewasindikiza, ndiye aliyesema, kwamba basi sifa kwa Mungu, na kwa moyo wa namna hii atamtafutia nyumba kubwa, ile ya ghorofa tatu, maana wengine huko hulalamikia ngazi. Daktari akagonga muhuri, akaita anayefuata.

Barazani Obse alimwambia mama yake kwamba warudi nyumbani. Klabu itakuja tena mwakani. Alisema hivyo mara nyingi, kwa sauti ileile, akimshika mama yake mkono. Workitu alitazama mlango wa daktari, akamtazama Asnakech, na nusu saa ile, naapa, alikuwa upande wa binti yake. Alisema watakwenda kuongea na baba. Farasi anaweza kuuzwa.

Kwenye kituo cha mabasi walikutana na Mwalimu Fekadu. Alikuwa ametoka wizarani, amevaa tai, na mkononi ana kikombe cha kung'aa alichotunukiwa kwa kufundisha sayansi kwa njia ya michezo. Shule nyingi zingeanza kufundisha kama yeye. Alifurahi kweli kuwaona. Akamuuliza Obse, kwa upole wake wote, moyo unaendeleaje.

"Daktari kasema ni mzima, Mwalimu," Obse akasema. "Kasema ni moyo wa mkimbiaji. Kasema ulikuwa hivyo siku zote."

Uso wa Fekadu ukabadilika. Kwa kitambo kidogo aligeuza kile kikombe mikononi, na nadhani hapo, kama angekuwa peke yake na asingekuwa na tai, pengine angelisikia alichoambiwa.

"Daktari wa wapi?"

"Wa wanaokwenda Riyadh."

"Aa," akasema, na pumzi ikamtoka. Akainama kidogo kumwelekea Workitu, asimwaibishe mtu. "Mama Obse, wale hulipwa na madalali. Hupitisha kila mtu. Kitabu ni kilekile dunia nzima."

Workitu alimtazama mwalimu, alikitazama kikombe, na mkono wake ukatoka taratibu kwenye mkono wa binti yake. Obse akaanza kusema jambo, mama yake akamnyamazisha: mtu haongei hivyo mbele ya mwalimu. Fekadu akawaaga, akampa Obse noti ya kununulia maji ya safari, akapanda basi lake.

Asnakech alikuwa anasubiri kando na begi dogo. Ndege ilikuwa kesho yake, na wasichana wanaosafiri hulala kwake. Workitu alimfunga binti yake shali, akalikaza fundo kifuani, akaacha kiganja chake juu ya moyo ule kwa muda mrefu, akiusikiliza ulivyokuwa ukipiga taratibu. Sasa aliamini anampeleka mgonjwa, na alimpeleka.

"Huko kwenye ngazi," alimwambia, "panda polepole, mwanangu. Wakikupigia kelele, wewe panda polepole."